Kidonge cha Saa Moja na Kidonge cha Wiki Sita



Miezi michache iliyopita nilikuwa Nairobi, nikamzuru mwanafunzi wangu wa zamani wa madrasa, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, na makazi yake ni Lavington, katika jumba la ghorofa kando ya Barabara ya Gitanga. Tulipokwisha kunywa chai alitoa pakiti mbili za dawa akaziweka mezani.

"Maalim," akasema, "nimeandikiwa hizi kwa ajili ya wasiwasi. Hii hunituliza saa ileile. Hii nyingine nimeimeza siku tisa, sijaona ila kichefuchefu. Nataka kuiacha, nibaki na ya kwanza. Na mamangu mkwe asema zote mbili ni upungufu wa imani."

Nikamjibu: "Mwanangu, mimi si tabibu. Usiache wala usiongeze kitu kabla ya kuzungumza na daktari wako." Akampigia simu mbele yangu. Niliyoyasikia siku ile, pamoja na niliyoyasoma baadaye, ndiyo ninayowaletea.

Dawa ya kwanza ni diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Valium, lililoingia sokoni mwaka 1963. Ndani ya saa moja moyo hutulia na misuli hulegea. Lakini mwili huizoea upesi. Baada ya wiki chache kipimo kilekile hakitoshi, na mtu akiikata ghafla hofu humrudia kwa nguvu, pengine hata kwa kifafa. Humsinzisha dereva, humwangusha mzee, na hupita katika maziwa ya mama ikamlegeza mtoto. Ni ya ukoo mmoja na Rohypnol, ile ambayo vijana wetu wa Mombasa huiita bugizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 hauipendekezi kuwa tiba ya maradhi ya wasiwasi. Huiachia hofu kali ya ghafla tu, kwa siku 3 hadi 7.

Dawa ya pili ni sertralini. Hii haina haraka. Hurekebisha polepole kazi ya serotonini, mojawapo ya kemikali ambazo ubongo hupelekeana habari kwazo. Siku za mwanzo huweza kuleta kichefuchefu, maumivu ya kichwa, kukosa usingizi, na pengine wasiwasi kuzidi. Nafuu huja baina ya wiki ya pili na ya sita. Haileti uraibu kama ile ya kwanza, ingawa nayo huachwa kwa kupunguzwa kidogo kidogo. Huweza kupunguza hamu ya unyumba, jambo ambalo wake wengi huona haya kulisema. Nalo lisemwe, kwani daktari ana njia. Kijana wa chini ya miaka 25 aangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, asije akajiwa na fikra za kujidhuru. Katika maziwa ya mama hupita kidogo mno. Na kwa kuwa humezwa mara moja kwa siku, mwenye kufunga huweza kuimeza wakati wa daku au baada ya kufuturu.

Ama lawama ya upungufu wa imani, naona neno moja limetuponza. Twaita wasiwasi ule uchochezi wa shetani, na twaita wasiwasi maradhi ya mwili na nafsi. La kwanza dawa yake ni kujikinga kwa Mwenyezi Mungu. La pili lahitaji dua na tabibu pamoja, na Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, akaitibu hofu na huzuni kama maradhi mengine. 

Basi kina mama, msigawiane vidonge hivi jikoni wala arusini kama mgawianavyo panadoli. Kilichomfaa jirani huenda kikakudhuru wewe.

Binti yule aliishika ile ya polepole, na ile ya haraka daktari akaiondoa kwa utaratibu. Wiki ya sita aliniletea ujumbe: amelala usiku kucha, akaamshwa na adhana ya alfajiri. Aliyemtumia salamu za kheri siku hiyo hiyo ni mama mkwe.

Wabillahi tawfiq.