Amua Kabla Hujawasha Gari

Mtu anaweza kuendesha gari miaka mingi kati ya Kisaka na Mugumu, huko wilayani Serengeti, akavuka makorongo ya masika, akapishana na kundi la ng'ombe linalorudi zizini na lori lisilo na taa ya nyuma, asitetemeke hata kidogo. Mwambie ampeleke mwanawe uwanja wa ndege wa Mwanza keshokutwa asubuhi, uone kama atalala. Majirani watamcheka: dereva gani huyu? Mimi nafundisha udereva, na wanafunzi wa namna hii nawapata kila mara. Siwacheki. Usukani wanaumudu, pengine kuliko huyo dereva wa mjini ambaye akikutana na rafu rodi ya kwetu anageuza gari. Wanachokiogopa ni kulazimika kuamua gari likiwa mwendoni: ni kona hii au ile ya mbele, ni kulia au ni kushoto, huku nyuma wanapigiwa honi na mbele kuna ndege isiyomngoja mtu.

Hofu hiyo ina namna yake ya kufanya kazi. Mwaka 1959 mwanasaikolojia J. A. Easterbrook alieleza kwamba kadiri wasiwasi unavyopanda, ndivyo mtu anavyozingatia vitu vichache zaidi, na vinavyotupwa kwanza ni vya pembeni. Sasa fikiria barabarani: ni nini kilichopo pembeni? Ni kibao cha kuelekeza njia, bodaboda anayechomoza kushoto, mama mwenye beseni anayetaka kuvuka. Dereva mwenye hofu hubaki ameganda kwenye bampa la gari la mbele. Ndiyo maana abiria wako anakuuliza, "Hivi hujakiona kile kibao?", na kweli hujakiona, ingawa macho yako hayana kasoro.

Jambo la pili ni nafasi iliyomo kichwani. Mtafiti wa kumbukumbu Nelson Cowan, katika makala yake ya mwaka 2001, alikadiria kwamba akili hushikilia mambo manne hivi kwa wakati mmoja. Kwenye njia uliyoizoea, gia, breki na vioo havihesabiwi. Mwili unavifanya wenyewe. Ukiwa ugenini, foleni inachukua nafasi moja, sauti ya simu inayokuelekeza ya pili, saa ya kwenye dashibodi ya tatu, na shemeji anayekuhadithia mambo ya harusi kutoka kiti cha nyuma anaimaliza ya nne. Njia panda ikitokea hapo, inakuta kumejaa.

Kwa hiyo simwambii mtu wa namna hii ajikaze. Namwambia apunguze maamuzi yatakayofanyika ndani ya gari, kila linaloweza kuamuliwa liamuliwe mezani, jana yake.

La kwanza kuamua ni uwanja wenyewe. Ukitazama ramani ukiwa wilayani Serengeti utadhani una viwanja vingi. Seronera upo jirani, lakini umo ndani ya hifadhi, ni wa ndege ndogo za watalii, na ukiingia huko kwa gari kuna kiingilio cha kulipa. Kilimanjaro unaonekana kuwa upande wa pili tu wa pori, ila njia ya kukatiza Serengeti na Ngorongoro ina mageti na tozo zake, si njia ya kumkimbiza mtu kwenye ndege. Musoma uko karibu, tena mjini kabisa; kabla ya kuutegemea, hakikisha shirika la ndege ulilolichagua linatua huko siku unayoitaka. Wa Tarime wapo wanaofikiria kuvuka Sirari kwenda Kisumu. Inawezekana, lakini gari litahitaji kibali na bima inayotambulika Kenya, na kwa mtu mwenye wasiwasi dirisha la mpakani ni maumivu mengine ya kichwa. Kwa walio wengi safari inabaki kuwa ya Mwanza.

Na njia ya Mwanza, sehemu yake kubwa, haina la kuamua. Ukitokea upande wa Tarime unashuka na barabara kuu ya kutoka Sirari, unavuka Mto Mara pale daraja la Kirumi, unaendelea. Ukitokea upande wa Serengeti unaikuta barabara hiyohiyo, ama Makutano ukipitia upande wa Butiama, ama Bunda ukipitia Nyamuswa. Kutoka hapo ni lami moja: Bunda, Lamadi, Magu, Kisesa. Tarime hadi Mwanza ni kilomita kama 300, na katika hizo zote unatakiwa kukumbuka kutokukata kona mara chache tu. Lamadi usichepuke kwenda Bariadi. Kisesa usiifuate barabara ya Usagara, maana hiyo inazunguka jiji kwa nyuma na kukutupa kwenye barabara ya Shinyanga, njia nzuri kwa anayekwenda daraja la Kigongo–Busisi, balaa kwa anayewahi ndege.

Kipande hicho kinataka subira. Kati ya Bunda na Lamadi barabara inapita karibu na ncha ya magharibi ya Hifadhi ya Serengeti, kwenye geti la Ndabaka, na wanyama hawasomi alama. Kwenye vijiji mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na askari wenye tochi za kupima mwendo wanajua hasa ni wapi dereva husahau kupunguza. Ukiona magari ya mbele yanakuwashia taa, umeambiwa. Ukipitwa na mchomoko, gari dogo lililojaza abiria mpaka kwenye buti, mwache dereva wake apite. Yeye anawahi abiria wa Magu, wewe una shughuli yako.

Safari yenyewe, ile inayokunyima usingizi, inaanzia Kisesa. Kuanzia hapo zimebaki kilomita chache, na karibu maamuzi yote ya siku nzima yamerundikana humo. Wengi hugawa safari kwa kilomita. Nashauri uigawe kwa maamuzi, na nguvu yako uiweke yalipo.

Mwanza inamsaidia mgeni kwa jambo moja ambalo wenyeji hawalioni. Jiji limebanwa kati ya vilima vya mawe na ziwa, hivyo barabara kubwa zinazoingia ni chache. Ya Nyerere ndiyo inayokuleta kutoka Musoma, kupitia Igoma, Nyakato na Mabatini. Ya Kenyatta inakwenda kusini, Shinyanga. Ya Makongoro inapanda kaskazini kuufuata ufukwe, na mwisho wake ndio uwanja wa ndege, uliopo wilaya ya Ilemela, kilomita kama 10 kutoka katikati ya jiji. Zote zinakutana mjini. Maana yake ni kwamba ukikosea, utaishia katikati ya Mwanza, na kutoka hapo Makongoro ni ileile. Umepoteza dakika, hujapoteza safari. Nimeona mabega ya mwanafunzi yakishuka baada ya kusikia hilo tu.

Ipo pia njia ya kukatiza: unaiacha barabara ya Musoma upande wa Nyakato, unapita Buswelu na Kiseke, unatokea Sabasaba ukiwa tayari kwenye barabara ya uwanja wa ndege. Ni lami, ni fupi, inakuepusha na foleni ya mjini. Wenyeji watakusifia. Mimi simpi dereva mwenye hofu njia hiyo siku ya safari, kwa sababu ina kona nyingi zinazofanana. Aijaribu siku ambayo hakuna kinachomngoja.

Sasa, hizo kona chache zinashikwaje kichwani? Mwaka 1975 Alexander Siegel na Sheldon White walieleza hatua ambazo mtu hupitia anapoizoea sehemu ngeni: kwanza anashika alama, halafu anaziunganisha kuwa njia, na mwisho kabisa ndipo ramani nzima inapokaa kichwani. Watu huanzia mwisho. Wanaikodolea ramani ya simu usiku kucha wakitaka kuijua Mwanza yote. Huihitaji. Unahitaji alama kwa mpangilio: ukiwa Makongoro, daraja la waenda kwa miguu la Furahisha na jengo la Rock City Mall, uwanja wa mpira wa CCM Kirumba, kisha Pasiansi, kisha Sabasaba, kisha uwanja wa ndege. Zisome kwa sauti mpaka mwanao wa darasa la tatu azijue. Ukiwa njiani, kila alama unayoiona inakuambia kwamba hujapotea, na moyo unatulia kidogo. Kibao cha kijani hakina nguvu hiyo kwa sababu kinakutaka usome. Jengo unalitambua tu.

Simu ina kazi yake, lakini aishike mtu mwingine. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Ukiangalia kioo cha simu kwa sekunde 3 tu umepita mita zaidi ya 40 bila kuona barabara, na kando ya soko hapo ni watu wangapi? Kama uko peke yako, iweke isikike kwa sauti, ipakue ramani mapema ili mtandao ukikatika isikutupe, na ikikuambia kitu kinachopingana na alama zako, amini alama zako.

Kipilefti ndicho kinachowatoa jasho wengi, maana Mugumu haikuwazoesha foleni yake. Sheria ni fupi: aliye ndani, anayekujia kutoka kulia, ana haki ya kupita kwanza. Ukikosa mlango wako, zunguka tena. Hakuna anayekuhesabia mizunguko. Daladala atapiga honi. Daladala hupiga honi hata kukiwa hakuna mtu.

Kuna suala la saa, na hapa watu wazima kabisa huumia. Tiketi huandikwa kwa saa 24: 10:00 ni saa nne asubuhi, 16:00 ni saa kumi jioni, na ndege ya 00:30 ya tarehe 12 inaondoka usiku ambao nyumbani mnauita wa tarehe 11. Andika upya tiketi yako kwa Kiswahili kwenye karatasi, pamoja na jina la siku. Kisha rudi nyuma. Ndege ya saa nne ukitaka kuwa uwanjani saa mbili, na kutoka Makutano ukijipa saa tano kwa sababu ya vijiji, tochi na foleni ya Igoma, unapaswa kuwa lamini saa tisa usiku. Kutoka kijijini ni mapema zaidi. Hapo barabarani kuna malori yaliyoharibika bila viakisi, ng'ombe waliolala kwenye joto la lami, na wewe hujalala. Sipatani na hesabu hiyo. Ndege ya asubuhi maana yake ni kulala Mwanza. Fika mchana, pumzika, jioni magari yakipungua endesha mpaka geti la uwanja wa ndege ugeuze. Gharama ya chumba cha gesti ni ndogo kuliko tiketi iliyoungua.

Na kama roho bado inakataa, kuna njia ambayo watu wanaiona aibu nami sioni aibu yake: endesha mpaka stendi ya Nyamhongolo, ukiwa ndiyo kwanza unaingia jijini kutokea Musoma, tafuta sehemu salama ya kuliacha gari, umalizie kwa teksi. Ukitokea Tarime, kilomita zaidi ya 250 umeziendesha mwenyewe.

Kitu ambacho ningependa zaidi ni hiki: safari yako ya kwanza ya uwanja wa ndege iwe ya kupokea mgeni, isiwe ya kusindikiza. Anayesindikiza anapambana na ndege. Anayepokea, akichelewa, atamkuta shangazi amekalia sanduku lake kivulini, amenuna. Shangazi akinuna, soda moja inatosha.

Moyo ukianza kwenda mbio pale Mabatini, usipambane nao kwa mawazo. Punguza mwendo, acha nafasi mbele, toa pumzi polepole kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Kutoa pumzi kwa utaratibu huo huamsha neva inayopunguza mapigo ya moyo, nayo haihitaji uamini chochote ili ifanye kazi. Mikono ikiendelea kutetemeka, tafuta kituo cha mafuta, simama. Hakuna atakayeuliza.

Uwanja wenyewe si wa kutisha. Mwanza si Dar es Salaam, ambako Uwanja wa Julius Nyerere una majengo ya abiria zaidi ya moja na lazima ujue kama unakwenda la tatu, la safari za nje, au la pili. Getini unasimama, unafuata unachoambiwa na mlinzi, unaingia taratibu. Mbele ya jengo ni mahali pa kushusha tu: mizigo itoke, abiria aage, gari liondoke. Maombi ya safari na nasaha kwa kijana zimalizwe Kisesa. Ukitaka kukaa kumsubiri anayeshuka, nenda kwenye maegesho, na liegeshe gari likiwa limeelekeza pua nje, kwa sababu utakapotoka utakuwa na mgeni.

Mgeni huyo ana habari za miezi sita, na anataka kuzitoa zote kuanzia Sabasaba. Mwambie kwa heshima kabla hajafunga mkanda: "Shangazi, naomba ukimya mpaka Kisesa. Kutoka Kisesa ni zako mpaka nyumbani."