Ujira Bora, na Mkaguzi Mlangoni

Tarehe 5 Januari 1914, kampuni ya magari ya Ford, huko Detroit, Marekani, ilitangaza jambo lililowashangaza matajiri wengine: wafanyakazi wake wangelipwa dola 5 kwa siku, na muda wa kazi ungepunguzwa kutoka saa tisa hadi saa nane. Hapo awali ujira ulikuwa chini ya nusu ya hizo. Wako waliodhani ni ukarimu. La, ilikuwa hesabu. Mwaka 1913 kampuni iliajiri watu zaidi ya 50,000 ili ibakiwe na wapatao 14,000, maana kazi ya kurudia kitendo kimoja kutwa nzima iliwakimbiza.

Lakini takriban nusu ya fedha zile haikuwa mshahara. Iliitwa fungu la faida, nalo lilikuwa na masharti. Wakaguzi wa kampuni walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza: mume analewa? Anaweka akiba? Nyumba ni safi? Mmepangisha vyumba? Asiyeridhisha alizuiliwa fungu lake hadi ajirekebishe. Mke, ambaye hakuajiriwa na yeyote, akajikuta anakaguliwa jiko lake kwa ajili ya ujira wa mumewe. Na wanawake waliofanya kazi kiwandani humo hawakuingizwa katika mpango huo mwanzoni!

Dada msomaji, mwenye cherehani tatu na mafundi wawili, nawe ni tajiri wa watu. Fundi akishona vazi la harusi likamridhisha mteja, mpe chochote siku hiyo hiyo, mbele ya wenzake, wala usimuulize atazifanyia nini. Mwezi wa Ramadhani mruhusu awahi kwake kufuturisha watoto. Hayo hayana gharama kubwa.

Bakshishi ya Idi ni ada yetu njema hapa Pwani. Kasoro huingia inapowekwa mahali pa haki. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi, baada ya miezi 12, likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi. Na mama aliyejifungua hupata miezi 3 kwa mshahara kamili. Msaidizi wa nyumbani naye yumo. Hizo si tuzo. Leso ya Idi huja juu yake.