Mides: Kijiji kilichofukuzwa na maji jangwani

Ukisikia Sahara unawaza mchanga na ngamia tu, ama vipi? Basi ngoja ufike Mides, kusini-magharibi mwa Tunisia, karibu kabisa na mpaka wa Algeria.

Hapa korongo lenye kina kirefu limezingira kijiji cha kale pande tatu. Kuta zake ni matabaka ya mawe yaliyopangana kama chapati, na ndani yake utaona makombe yaliyogeuka mawe. Naam, jangwa hili liliwahi kuwa bahari! Kando yake, chemchemi hunywesha mitende na mikomamanga.

Lakini kijiji chenyewe ni magofu. Mwaka wa 1969 mvua ilinyesha siku 22, mafuriko yakabomoa nyumba za udongo hapa na katika vijiji jirani vya Tamerza na Chebika. Watu wakahama, wakajenga upya karibu. Mitende yao hawakuiacha.

Maji yaliyochonga korongo ndiyo yanayowalisha, na ndiyo yaliyowafukuza. Kwa hivyo kabla ya kushuka kupiga selfi, cheki mawingu kwanza. Bonde kavu asubuhi laweza kuwa mto jioni.