Je, Wajua? Chombo Kikijaa Maji Si Lazima Kizame

Kati ya Nyamisati na Kilindoni, Mafia, na kuzunguka visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, matanga bado yanafanya kazi. Haya ni machache kuhusu kinachokiweka chombo kidogo juu ya maji hata kikiwa kimejaa maji pomoni.

Je, wajua kwamba ngalawa tupu ikijaa maji huendelea kuelea?
Mwembe, mti unaochongwa ngalawa nyingi za pwani, ni mwepesi kuliko maji ya bahari. Ngalawa iliyojaa hushuka mpaka kingo zake zikaribiane na uso wa maji, kisha hukaa hapo hapo. Vinavyovuta chini ni vitu vizito vilivyomo: nanga, mashine, shehena. Kwa mashua mambo ni mengine. Ubao wake huelea pia, lakini farumi ya mawe au mchanga iliyowekwa chini ili isiyumbe inaweza kuizamisha yote maji yakiingia. Hapo upo wa kufulia maji ukizidiwa, cha kwanza kutupwa baharini ni uzito. Na chombo kikipinduka, kishikilie. Ni rahisi kuonekana kuliko kichwa cha mtu.

Je, wajua kwamba matengo ya ngalawa hayafanyi kazi kwa kuelea peke yake?
Mbao zilizo kwenye ncha za matengo zimelazwa mshazari. Ngalawa ikikimbia, maji huusukuma juu ubao wa upande wa demani, yaani upande ambao upepo unaulaza chombo, na ngalawa haipinduki. Kasi ikiisha, msukumo huo nao hupungua. Kwa hiyo matengo huzuia kupinduka. Hayatoshi kubeba chombo kilichojaa maji na mzigo.

Je, wajua kwamba dumu tupu hubeba karibu kilo 19?
Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi. Dumu la lita 20 lililofungwa kizibo barabara, likizamishwa lote, husukumwa juu kwa nguvu inayotosha kubeba kama kilo 19, ukishatoa uzito wa dumu lenyewe. Chukua boti ya faiba ambayo ganda lake lina kilo 200. Faiba ni nzito kuliko maji, lakini ikizama, maji yenyewe hubeba zaidi ya nusu ya uzito huo. Zinabaki pungufu ya kilo 100. Ongeza mashine ya kilo 40, na madumu manane yatatosha kuiweka boti juu ya maji. Watu watakaoing'ang'ania na mizigo wanahitaji hesabu yao.

Je, wajua kwamba madumu yakifungwa chini yanaweza kukigeuza chombo?
Kinachoelea hutafuta kuja juu. Madumu yakiwa sakafuni, chombo kikijaa maji hupenda kulala tumbo juu. Mahali pake ni pembeni, karibu na kingo, na mengine omo na tezi. Yafungwe kwa kamba imara kwenye mataruma, kwa kuwa chombo kikijaa maji kila dumu litavuta kwa nguvu zake zote.

Je, wajua kwamba petroli huyeyusha povu jeupe?
Lile povu gumu linalozungushiwa runinga mpya ndani ya boksi huelea vizuri sana, lakini petroli ikimwagika juu yake hunywea na kuwa utando. Likisagika hutoa punje ambazo viumbe wa baharini huzidhania chakula. Kisiwani Mafia hilo si dogo: hifadhi ya bahari iliyoanzishwa hapo mwaka 1995 ndiyo ya kwanza nchini, na kasa hutaga kwenye fukwe za Juani. Sponji ya godoro nayo haifai kabisa, maana hunywa maji.

Je, wajua kwamba usufi wa mito uliwahi kuokoa mabaharia?
Kabla ya povu la kiwandani, makoti ya kuokolea maisha yalijazwa usufi. Kila unyuzi wake una uwazi ndani na utando wa nta nje, hivyo maji hayapenyi upesi. Usufi huweza kubeba hadi mara 30 ya uzito wake.

Je, wajua kwamba hewa iliyonaswa ndani ya chombo si ya kutegemewa?
Meli ya MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, iliendelea kuelea chini juu kwa hewa iliyobaki ndani. Ganda lilipotobolewa ili kuwafikia watu, hewa ilitoka na meli ikazama. Mwaka 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, fundi wa mitambo alitolewa hai siku mbili baadaye kwa kuwa alikuwa kwenye upenyo wenye hewa. Lakini hewa iliyofungiwa ndani ya dumu au povu haina pa kutorokea.

Je, wajua kwamba kuna boti iliyokatwa kwa msumeno ikiwa majini?
Mwaka 1961, jarida la LIFE lilimwonyesha Mmarekani Richard Fisher ndani ya boti yake ya Boston Whaler ikikatwa vipande viwili. Kuta zake zilijazwa povu, na vipande vyote viwili vilielea.

Je, wajua namna ya kupima maboya yako?
Chagua siku shwari na maji ya kiunoni. Pakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa mashine na vifaa, kisha kijaze chombo maji. Kingo zikibaki juu na chombo kikakaa sawa, maboya yanatosha. Tezi ikitangulia kushuka, ongeza madumu huko: ndiko mashine inakofungwa.