Maji ya Ziwa Nyasa: ulipie maabara, kichupa cheusi au taa?

Maji ya Ziwa Nyasa yanadanganya macho. Asubuhi tulivu pale Mbamba Bay au Liuli unaona mchanga chini, na aliyezaliwa ufukweni huchota na kunywa papo hapo. Lakini maji maangavu yanaweza kubeba kinyesi, na kinyesi ndicho kinacholeta kuhara na kipindupindu. Shirika la Afya Duniani linataka asipatikane hata bakteria mmoja wa E. coli, alama ya kinyesi, katika mililita 100 za maji ya kunywa. Jicho haliwezi kumwona, kwa hiyo ukitaka kujua lazima ulipie kipimo. Kipi?

Cha kwanza ni maabara ya maji ya serikali iliyoko Songea. Majibu yake yana namba na uzito wa kisheria, na ukitaka kumbana mkandarasi wa kisima au kuwaandikia RUWASA, wakala wa maji vijijini, hayo ndiyo yatakayosikilizwa. Ila gharama haiishii kwenye ada. Kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga ni kilomita kama 66, na hadi Songea ni karibu 100 nyingine. Sampuli ya bakteria husafiri kwenye barafu, ndani ya chupa iliyotakaswa, na ianze kupimwa ndani ya saa 24; ndani ya saa 6 ni bora zaidi. Jumlisha nauli, barafu na siku nzima ya mtu. Ikichelewa, umelipia majibu yasiyoaminika.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni kichupa kinachogeuka cheusi. Bakteria wa kinyesi hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, nayo ikikutana na kemikali ya kichupani huyafanya maji kuwa meusi baada ya siku moja hadi tatu. Hakihitaji taa. Lakini baadhi ya maji ya visima yana gesi hiyo kiasili, na kichupa kitalaumu kisima kisicho na kosa.

Kipimo cha tatu, na ndicho ninachokipendelea kwa vijiji vyetu, ni cha kung'aa. Ndani ya kichupa kuna unga wenye kemikali iliyofungwa kwenye aina ya sukari, na ikiwa imefungwa haing'ai. E. coli ana kimeng'enya cha kuikata sukari hiyo. Unatia mililita 10 za maji, unatikisa, unakiacha kwenye joto la nyuzi 35 kwa saa 24. Maji yakigeuka njano, kuna bakteria wa kundi la koliformu. Ingia chumba chenye giza uwashe taa ya urujuanimno: yakitoa mwanga wa buluu, yana E. coli.

Joto halihitaji mashine. Mbinga mjini mwezi Julai baridi ni kali, lakini vichupa vikifungwa kiunoni chini ya nguo, mwili unatosha. Robert Metcalf, mtaalamu wa vijidudu kutoka Sacramento, Marekani, aliwafundisha wanavijiji wa magharibi mwa Kenya njia hii, akaiambatanisha na karatasi ya kuoteshea bakteria wa mililita 1 ya maji. Kila doa la buluu lenye kiputo hapo ni E. coli mmoja aliyezaliana. Madoa zaidi ya 10 ni hatari kubwa sana.

Fedha nyingi hupotea kwenye taa. Tochi za bei rahisi hutoa mwanga wa nanomita 395, zambarau mtupu unaofunika mng'ao wenyewe. Tafuta iliyoandikwa 365. Baadhi ya taa za kukagulia noti zina mwanga huo. Daima weka pembeni kichupa cha maji yaliyochemshwa ili uwe na cha kulinganisha. Vichupa huagizwa kutoka nje, kwa hiyo uliza bei kwa sampuli moja, usafirishaji ukiwemo, na usome tarehe ya mwisho. Baada ya kusoma majibu, mimina jiki ndani kabla ya kutupa.

Usishawishike kwamba tochi hiyohiyo inapima sumukuvu kwenye mahindi. Mng'ao wa kijani-njano kwenye punje unatokana na kemikali nyingine ya ukungu uleule. Gunia lisilong'aa linaweza kuwa na sumu. Wala kichupa cha kung'aa hakioni metali majini. Wanaochota jirani na machimbo ya makaa ya Ngaka wanahitaji maabara ya Songea.

Kwa familia moja, ushauri wangu ni kutonunua kipimo chochote. Fedha hiyo iende kwenye kutibu maji: kidonge cha klorini cha miligramu 67 kinatibu ndoo ya lita 20 kwa nusu saa. Asiye na hata hiyo ajaze chupa angavu za plastiki, zisizozidi lita 2, azianike juani saa 6, au siku mbili kukiwa na mawingu.

Boksi la vichupa na taa moja ni mzigo wa kubebwa na chombo cha kusimamia maji cha kijiji, shule au zahanati kwa kuchangia. Kisima kipya kipelekwe maabara kwanza, kisha kichupa cha kung'aa kikilinde mwaka mzima. Pimeni mvua za kwanza zinapoanza, na kila bomba linapotengenezwa. Majibu yabandikwe pale bombani wanapochota watu, yasifungiwe kabatini ofisini.