Kabla hujalala, papasa gole la kifaranga

WAHENGA walinena kwamba kanga hazai ugenini. Mpenzi msomaji, ikiwa umezaliwa na kulelewa mjini, huenda kanga unayemjua ni leso ya mama tu, vazi ambalo husemekana lilipata jina lake kutokana na madoadoa ya ndege huyu. Lakini ukiabiri basi kutoka Nairobi hadi Garissa, fungua macho baada ya kupita Mwingi. Kadiri unavyoukaribia Mto Tana ndivyo unavyoweza kuona makundi yao yakikimbia kwenye vichaka kando ya barabara, vichwa chini, miguu mbiombio.

Katika eneo la Kaskazini Mashariki, yaani Garissa, Wajir na Mandera, kanga wanaoonekana sana ni wa aina mbili. Yuko yule wa kawaida mwenye kijipembe kichwani, ambaye ndiye hufugwa. Kisha yuko yule mwenye kifua cha buluu na kichwa kipara mfano wa tai, ambaye ndiye mkubwa kuliko kanga wote duniani. Wasomali humwita kanga digiirin. Mwaka wa 2019 watafiti waliokuwa wakiwafuatilia kanga wa kifua cha buluu huko Mpala, Laikipia, walitangaza kwamba ndege hawa huishi katika makundi yanayojuana na kushirikiana, jambo ambalo hapo awali lilidhaniwa ni la wanyama wenye ubongo mkubwa pekee.

Leo, hata hivyo, tuzungumze juu ya kifaranga wa kanga katika siku zake za kwanza, na mfuko mdogo ulio shingoni mwake ambao unaweza kumponya au kumuua.

GOLE NI NINI?

Hebu chukulia kwamba mayai 15 ya kanga yameanguliwa nyumbani kwenu. Siku ya kwanza watoto wanashangilia. Siku ya tatu wawili wamekufa. Siku ya saba wamebaki sita, na baba anasema kuna mtu mwenye kijicho. La hasha! Mara nyingi jibu liko kwenye gole.

Gole ni ule mfuko ulio chini ya shingo ya ndege, mbele ya kifua, ukiegemea upande wake wa kulia. Ndege hana meno. Chakula akimezacha huteremka kwanza hadi kwenye gole, kikalowa na kulainika, kisha kikaendelea hadi kwenye firigisi ambako husagwa. Kwa hiyo gole ni kama ghala. Likijaa vyema, kifaranga ana akiba ya usiku kucha. Likiziba, atakufa njaa hali chakula kimo ndani yake.

Kifaranga wa kanga anapoanguliwa huwa na uzito wa gramu 25 hivi tu. Huja na akiba ya kiini cha yai tumboni, ambayo humtosha kwa siku mbili au tatu. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Kifaranga anaonekana mzima, anakimbia na kulia, kumbe hajala chochote. Akiba hiyo ikiisha, anaanguka ghafla.

PAPASA ASUBUHI NA JIONI

Hakuna haja ya chombo chochote. Nawa mikono, mshike kifaranga kwa upole, kisha upapase gole kwa ncha ya kidole kimoja. Fanya hivyo jioni kabla ya kulala, na asubuhi kabla ya kuwapa chakula.

Jioni gole linapaswa kuwa limejaa na kubonyea kidogo, mfano wa kifuko cha unga uliolowa. Asubuhi linapaswa kuwa limenywea, kwa kuwa chakula kimeshuka usiku. Ukilikuta tupu jioni, huyo hajala. Chovya mdomo wake katika maji ya vuguvugu, halafu mwonyeshe chakula kwa kugongagonga kidole kama vile mama yake angalivyodonoa.

Ukilikuta asubuhi bado limejaa na ni gumu kama kijiwe, gole limeziba. Aghalabu amekula nyasi ndefu, vumbi la mbao lililotandikwa sakafuni, au nafaka kavu bila maji ya kutosha. Ukilikuta limejaa majimaji, linachezacheza, na mdomo unatoa harufu ya uchachu, basi chakula kimechacha humo ndani. Chanzo chake huwa ni kuvu wa jamii ya hamira aitwaye Candida, ambaye hustawi penye maji machafu na chakula kilicholala.

TIBA YA NYUMBANI NA MIPAKA YAKE

Gole likiziba, mtenge kifaranga huyo mahali pa joto na umwondolee chakula kwa saa mbili au tatu tu. Usizidishe, kwa maana mwili wake hauna akiba. Mpe maji ya vuguvugu tone kwa tone kando ya mdomo, na tone moja la mafuta ya kupikia. Kisha likande gole polepole kwa vidole viwili. Kama halijalainika kufikia jioni, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Jambo moja usilifanye kamwe: usimning'inize kichwa chini ili atapike. Maji ya gole huweza kuingia katika njia ya pumzi, naye akafa mikononi mwako.

Gole lililochacha ni kazi ya daktari, kwa sababu linahitaji dawa ya kuvu. Hapa nakuomba unisikilize vizuri. Wengi wetu tukiona kifaranga amejikunyata hukimbilia dukani kununua unga wa kuua bakteria na kuukoroga katika maji ya kundi zima. Dawa hiyo haiui kuvu. Badala yake huwaua vijidudu wema wanaomzuia kuvu asizagae, na hali huzidi kuwa mbaya. Umetumia pesa kununua maradhi.

JOTO LA GARISSA, BARIDI YA NAIROBI

Vitabu husema kifaranga katika wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 35, kisha lipunguzwe nyuzi tatu hivi kila wiki. Kwa anayeishi Nairobi mwezi wa Julai, hiyo ina maana ya taa usiku na mchana. Kifaranga aliyepigwa na baridi huacha kula, na tumbo lake huzubaa.

Mjini Garissa mambo ni kinyume. Mara nyingi joto la mchana lenyewe hufikia nyuzi hizo 35 au kupita. Ukiwasha taa adhuhuri kwa kuwa kitabu kimesema, utawaoka. Watatanua mabawa, watahema mdomo wazi, watakosa maji mwilini, na chakula kitakauka ndani ya gole. Mchana wape kivuli na hewa, na taa uihifadhi kwa usiku. Watazame wenyewe: wakirundikana pamoja wanahisi baridi, wakikimbilia pembeni wameungua, wakitawanyika kwa raha, joto linatosha.

Maji yawe safi, yabadilishwe mara kwa mara, na yatiwe katika kisahani kifupi chenye vijiwe ndani, maana vifaranga hawa ni hodari wa kuzama. Chakula kiwe laini. Kifaranga wa kanga huhitaji protini zaidi kuliko wa kuku, asilimia 24 hadi 26 katika wiki za mwanzo. Huko porini mama yake humwongoza kwenye wadudu baada ya mvua. Wewe waweza kuongeza yai lililochemshwa na kupondwa, au mchwa wadogo. Ukianza kumpa majani yaliyokatwa laini au wadudu, nyunyiza pia mchanga kidogo wa mto uliooshwa, ili firigisi ipate meno yake. Usimwekee bakuli zima, asije akajijaza mchanga akidhani ni chakula.

Sakafuni tandika kitambaa kikavu chenye mkwaruzo. Gazeti huteleza na kupanua miguu ya vifaranga. Hata hili unalolisoma, liache mezani.

USIOKOTE MAYAI PORINI

Mwisho, mpenzi msomaji, usije ukaenda likizo Garissa ukarudi na mayai ya kichakani ndani ya mkoba. Nchini Kenya kanga ni mnyamapori, na anayetaka kumfuga hana budi kupata kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, chini ya sheria ya mwaka 2013. Nunua kwa mfugaji mwenye kibali, nawe utafute chako.

Ukiyapata mayai kwa njia halali, mwatamishe kuku wa kienyeji. Lakini usiyachanganye na mayai yake. Ya kuku huanguliwa kwa siku 21, ya kanga huchukua siku 26 hadi 28. Kuku akishaona watoto wake, atainuka na kuyaacha ya mgeni yapoe.

Kama una watoto nyumbani, wape kazi hii ya kupapasa gole jioni na asubuhi, waandike katika daftari nani amekula na nani hakula. Kisha wanawe mikono kwa sabuni. Baada ya wiki moja watakuwa wamejifunza jambo ambalo wafugaji wengi hulijua wakiwa wamechelewa: kifaranga hawezi kukuambia kwamba anaumwa, ila gole lake husema mapema, mradi kuna kidole cha kulisikiliza.