Tutembee Mbugani Mvua Zinapoanza

Ndugu msomaji, mwezi wa Novemba mvua za kwanza hunyesha kwetu Tabora. Kila mtu hukimbilia shambani. Hilo ni jema. Lakini kabla hujapiga jembe bondeni, tenga asubuhi moja. Chukua fimbo, twende mbugani.

Anza juu, penye miyombo na mininga. Ardhi hapo ni ya mchanga. Shuka polepole. Miti inapungua. Sasa unakanyaga udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi udongo huu ulipasuka. Leo nyufa zinaziba. Udongo huu ukilowa huvimba, na maji hayazami upesi. Hutuama kwenye nyasi, kisha huenda mtoni kidogo kidogo.

Watazame korongo weupe wakiokota panzi. Wametoka Ulaya, wanakimbia baridi. Sasa kitazame kijito. Maji yakianza kutembea, kambale hupanda kutoka mtoni. Anakuja kutaga mayai kwenye nyasi zilizofunikwa na maji.

NJIA YA MISAFARA

Wazee wetu waliyajua maji haya. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu na vitambaa. Novemba 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika hapa pamoja na wapagazi wao. Waliondoka Desemba, wakati wa mvua. Walifika Ujiji Februari 1858. Mto Malagarasi waliuvuka kwa mitumbwi, wakalipa hongo.

Maji ya mto wetu wa Ugalla huingia Malagarasi, na Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Mwaka 2000 bonde la Malagarasi na Moyowosi liliingizwa katika orodha ya dunia ya ardhi oevu muhimu. Lilikuwa la kwanza nchini Tanzania. Bonde kubwa kama hilo hulishwa na mbuga ndogo za vijiji.

KOSA LETU

Kijiji kimoja nilichokihudumia kililima mpunga mpaka ukingoni mwa kijito. Migono ikatengwa kuziba maji kutoka upande huu hadi ule. Kambale wenye mayai wakaisha. Mvua zikabeba udongo wa mashamba, kijito kikajaa mchanga. Miaka michache baadaye kisima cha bondeni kilikauka mwezi wa Agosti. Akina mama wakaanza kufuata maji mbali, alfajiri, na ndoo kichwani.

Mimi bwana shamba wao nilikuwapo. Nilihimiza majaruba, lakini ukingo sikuupima. Usirudie kosa letu.

TUFANYE NINI?

1. Pima ukingo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Hesabu hatua kubwa 60, kisha piga mambo za alama.

2. Chimba majaruba nje ya alama hizo. Nyasi za ukingoni usizilime wala usizichome. Ndizo zinazozuia udongo.

3. Mwachie kambale njia. Usizibe kijito chote kwa migono. Ukimwacha atage leo, utamla mwakani.

Ndugu msomaji, nenda na mtoto wako. Mwonyeshe kambale akipanda. Kisha mwezi wa Agosti rudini pamoja, mkatazame kisima. Kama kina maji, mmelima vizuri.